Makofi ya Mama Viza

Wageni wanaohamishiwa Kibondo kikazi huchukua muda kuyazoea makofi. Ukisalimiwa, makofi. Ukipewa kitu, makofi. Mkwe akipita ng'ambo ya barabara, unainama na kupiga makofi, mzigo utauokota baadaye. Walimu wa kutoka mbali hucheka pembeni wakidhani kuna mtu anashangiliwa. Hakuna anayeshangiliwa. Ni adabu tu, na mtu aliyelelewa vizuri kijijini Murungu mikono yake humtangulia kabla hajafikiri.

Yusta wa Murungu alilelewa vizuri, na balaa lake lilianzia hapo hapo.

Gari la matangazo lilipita siku ya soko, spika juu, likiimba: "Kuku atage, mashine iatamie! Fika dukani kwa Majaliwa, Kasulu mjini!" Wahenga walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku ile wahenga hawakuwa na spika. Yusta alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji, na kwa muda mrefu alikuwa amechoshwa na kuku wanaoatamia wakaghairi njiani kama wachumba. Kikundi kikachanga, naye akapanda basi kwenda Kasulu.

Majaliwa alimpokea vizuri mno. Muha mwenzake, mtu wa maneno laini, shati limenyooshwa. Akamwonyesha sanduku jeupe lenye kioo mbele na namba nyekundu zinazowaka: thelathini na saba na nusu. "Hilo ndilo joto la tumbo la kuku, mama. Halipandi, halishuki. Wewe weka mayai, nenda shamba." Yusta alipoulizia risiti, Majaliwa akacheka kidogo, akasema mashine ya risiti imelala kidogo, ila bidhaa ya baraka haihitaji karatasi. Kisha akalinyanyua lile sanduku, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyokabidhiwa mtu kitu cha maana.

Yusta akaliweka chini, akainama, akapiga makofi.

Alikusanya mayai nyumba kwa nyumba. Yaliyo mengi na mazuri kuliko yote yalikuwa ya jirani yake Josephina, kutoka kwa yule kuku wake wa madoadoa ambaye watu walikuwa wakiomba mbegu yake tangu zamani na Josephina akiwanyima. Safari hii Josephina alikubali. "Nakupa wewe kwa sababu ni wewe," alisema. Maneno hayo yalikuja kumwasha Yusta baadaye kuliko upupu.

Namba nyekundu iliwaka bila kuyumba. Asubuhi za baridi, zile ambazo ukungu wa Murungu unaingia hadi chini ya kitanda, iliwaka vile vile. Siku umeme ulipokatika, Yusta alikimbia na blanketi kuifunika mashine, akakuta namba bado inang'aa pale pale. Akaisifu. Akamwambia mumewe Kasian kwamba hii ndiyo mashine, inavumilia hata giza.

Siku za kuku yeyote mwenye akili kuangua zikafika, zikapita. Yai hata moja halikugonga. Akangoja tena, akasali, akangoja. Mwishowe ikaja harufu, na harufu haina siri. Ilitoka chumbani ikaenda sebuleni, ikavuka ua, ikafika kwa Josephina kabla Yusta hajapata ujasiri wa kwenda mwenyewe.

Watoto ndio waliompa jina. Mama Viza. Walianza kwa kunong'ona, wakaishia kuimba. Lakini watoto ni watoto. Kilichomkata maini ni watu wazima waliotulia. Akina mama wa kikundi wakawa wanamsalimia kwa mdomo bila mikono. Kisimani walikuwa wakisema, bila kumtaja, kwamba kuna watu wamejua kula mayai ya wenzao, wakatupia machache mabovu ndani ya sanduku ili waonewe huruma. Murungu mtu anaweza kudaiwa na watu wakamcheka tu. Akiitwa mwizi wa mayai, hata mtoto wake hatumwi chumvi kwa jirani.

Josephina hakusema kisimani. Alikuja mlangoni. "Yusta, niambie ukweli. Yale mayai yangu uliyauza?"

Yusta alihisi machozi yakija, akayafukuza kwa hasira, na hasira ile ndiyo iliyomwokoa. "Kesho nakwenda Kasulu kwa huyo Majaliwa. Nabeba mashine, na nabeba mayai. Twende wote, ukayahesabu mwenyewe njiani kama unataka."

"Ego, ndiyo, nakwenda," Josephina akasema. "Na kama huyo Majaliwa hayupo duniani, tutaelewana huko huko."

Basi wakaenda. Mashine ilikaa kwenye buti. Mayai viza yalikaa ndani ya beseni lililofungwa kanga mbili, miguuni kwa Yusta, maana alikataa kuachana nayo. Abiria walianza kutazamana kabla hata Kibondo haijapotea nyuma. Konda akauliza nani ana maiti. "Ni ushahidi," Yusta akamjibu, akatazama mbele. Madirisha yote yakafunguliwa hadi Kasulu.

Majaliwa hakuwatambua. Au tuseme, alichagua kutowatambua. Aliwatazama kwa huruma ya mtu ambaye jambo halimhusu, akasema mashine za namna ile zimejaa mjini, wamachinga wanazo, Burundi zinatoka, huenda mama alinunua kwingine akachanganya maduka. Risiti iko wapi? Haipo? Basi. "Na hata kama ingekuwa ya kwangu," akaongeza, akielekeza kidole ukutani bila kugeuka, "soma."

Kilikuwa kibao cha rangi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI WALA HAIBADILISHWI.

"Isitoshe," akamalizia, "mayai yenyewe ni ya jogoo mzee."

Hapo Josephina akakunja uso, maana jogoo yule alikuwa wake. Yusta alikwishapandisha sauti. Aligeukia wateja waliokuwa wakinunua misumari na mabomba, akauliza duka zima: "Mji huu hauna mkubwa wa maduka? Kila mtu anajitungia sheria ukutani?" Mzee mmoja mwenye misumari mkononi akamjibu bila kuinua macho kwamba yupo, anaitwa afisa biashara, ofisi iko halmashauri, wala si mbali. Majaliwa akamtazama yule mzee kwa jicho baya, na mzee akaendelea kuchagua misumari yake.

Afisa biashara aliitwa Asmahani, msichana wa Pangani aliyehamishiwa milimani na bado hajalizoea jua lisilo na upepo wa bahari. Aliwakaribisha, akawapa viti, kisha uso ukambadilika. "Mama zangu, samahani sana. Hilo beseni haliwezi kubaki nje?"

"Haliwezi," Yusta akasema. "Ndiye shahidi wangu."

Asmahani akafungua dirisha, akasikiliza hadi mwisho. Hakumkata. Yusta alipofika kwenye kile kibao, alisita, kwa sababu kibao kilimtisha kuliko alivyotaka kuonyesha. Ni maandishi, na yameandikwa kwa herufi kubwa.

"Kibao ni cha kwake, sheria ni ya nchi," Asmahani akasema. "Mtu akikuuzia kitu, akakwambia kitafanya kazi fulani, kisipoifanya hiyo kazi anawajibika. Atengeneze, abadilishe, au akurudishie fedha zako. Hawezi kujifutia wajibu kwa rangi nyekundu. Vibao hivyo vipo kila mji, na watu wanavisoma, wanarudi nyumbani kulia. Nyinyi mmefanya vyema, mmemrudia mwenyewe kwanza. Sasa tutakwenda pamoja. Akiwa mkaidi, malalamiko yatakwenda Tume ya Ushindani, na mahakama zipo. Ila nipeni risiti."

"Hakunipa," Yusta akasema.

"Kutokutoa risiti ni kosa lake jingine. Lakini kwa leo ni taabu yetu, maana atasema hakuuza. Kuna aliyewaona? Kuna alilolisema mbele ya watu?"

Yusta akatikisa kichwa. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisema, na lilikuwa limemkaa kooni tangu Murungu. Yale makofi. Aliinama mbele ya yule mtu, akampigia makofi kwa mikono yake mwenyewe, na kwao makofi maana yake nimepokea, nimeridhika, nashukuru. Mtu akishapigiwa makofi unamrudia vipi na lawama? Usiku mwingi alikuwa amelala akiitazama mikono yake gizani. Aliogopa kwamba Majaliwa akikumbuka makofi yale, kesi imekwisha. Akajitwisha beseni, Josephina akabeba mashine.

Dukani, Majaliwa alimpokea afisa kwa kiti na tabasamu. Akarudia maneno yale yale, sasa kwa Kiswahili cha ofisini: hana kumbukumbu ya mauzo hayo, hamfahamu mama huyu, hana nia ya kubishana na mtu mzima. Asmahani akauliza mara mbili, akajibiwa mara mbili vile vile. Watu walishaanza kujaa mlangoni. Yule mzee wa misumari naye alikuwa bado yupo, na sidhani kama alikuwa na nyumba ya kujenga.

Yusta aliona mambo yanateleza. Alimwona Josephina akimtazama pembeni, jicho lile la kisimani. Kitu kikakatika ndani yake.

"Majaliwa," akasema, na hakuweka bwana mbele yake. "Mimi nilidhani wewe ni mtu wa huku. Kumbe wewe ni mtu wa hivi hivi tu. Hukulelewa. Hakuna mama aliyekufundisha adabu. Mtu wa Buha hawezi kumkabidhi mwenzake kitu akasema simjui!"

Mjini Kasulu unaweza kumwita mtu mwizi akacheka, ukamwita mwongo akajibu ni biashara. Lakini kumwambia Muha mbele ya watu kwamba mama yake hakumfundisha adabu, hapo umegusa pabaya. Majaliwa alisimama. Shati lake lilianza kupanda na kushuka.

"Mimi? Mimi sina adabu?" Alitoka nyuma ya meza. "Mimi nilikukabidhi sanduku lile hapa, hapa uliposimama, kwa mikono miwili! Nani anakabidhi hivyo mjini siku hizi? Na wewe ukainama ukapiga makofi! Kweli si kweli? Ulipiga makofi, ukaridhika, ukaondoka. Leo unakuja kunitukania mama! Mwambie afisa, ulipiga makofi au hukupiga?"

Ndiyo hayo. Yamekuja. Yusta akainua uso, akasema kwa sauti ndogo lakini nzima, "Nilipiga."

"Haya!" Majaliwa akawageukia watu, mikono imefunguka. "Mmesikia!"

"Nimesikia," Asmahani akasema. Alikuwa amekwishatoa kalamu. "Nisaidieni, mimi mgeni wa mila. Alipiga makofi ya nini?"

"Ya kupokea! Hapa kwetu ukikabidhiwa kitu unapiga makofi."

"Alikabidhiwa nini?"

"Si hiyo mashine!"

"Na nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Majaliwa aliufikia mwisho wake mdomo ukiwa bado wazi. Mlangoni mtu mmoja akaguna. Kisha mzee wa misumari akacheka, kicheko cha polepole cha mtu aliyesubiri asubuhi nzima, na kicheko kile kikazunguka duka zima hadi nje barabarani.

Yusta hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono yake. Mikono ile aliyoionea aibu vile ndiyo iliyokuwa risiti.

Majaliwa ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akianguka huangukia miguu. Alijifuta uso, akasema kumbe ni jambo dogo, kumbukumbu zilimpotea kwa wingi wa wateja. Yeye ni mtu wa amani. Angempa mama mashine nyingine, mpya, ndani ya boksi lake, sasa hivi, na yaishe. Kibao cha ukutani kilisema haibadilishwi, lakini hakuna aliyekikumbuka, hata mwenyewe. Akashusha boksi, akaichomoa mashine, akaiweka mezani, akabonyeza kitufe. Namba nyekundu zikawaka. Thelathini na saba na nusu.

"Hiyo hapo, mama. Chukua." Akainyanyua kwa mikono miwili.

Watu wakangoja. Asmahani akasema, "Uamuzi ni wako, mama. Ukiridhika nitaandika yameisha. Usiporidhika, sema."

Mikono ya Yusta ilianza kujiinua yenyewe. Akaikamata, akaitia kwapani.

"Hujaichomeka kwenye umeme," akasema.

"Nini?"

"Waya wake huo hapo, bado umefungwa na mpira. Joto limetoka wapi?" Akakumbuka siku ile umeme ulipokatika, na blanketi, na jinsi alivyoisifu kwa Kasian. Aibu na hasira vikampanda pamoja. "Josephina, fungua friji yake hiyo, nipe soda. Ya baridi kabisa. Mbili."

Josephina hakuuliza. Alifungua friji ya Majaliwa kana kwamba ni ya kwake, akatoa soda mbili zinazovuja jasho. Yusta akazilaza ndani ya mashine, zimelala pamoja kama mayai, akafunga kioo. Akachomeka waya, haki bin haki, isije ikasemwa amemwonea mtu. Wakangoja. Mtu mmoja akanunua koki. Namba ilisema thelathini na saba na nusu. Wakangoja tena. Yusta akafungua, akatoa chupa moja, akaenda akaiweka shavuni kwa Asmahani.

"Uwi, baridi!" afisa akaruka.

"Soda ina homa," Yusta akawatangazia watu. "Mashine imepima. Soda za Majaliwa zina homa ya kuku!"

Duka likapasuka. Josephina alicheka hadi akashika meza, kisha ghafla hakucheka tena. Alikuwa akiitazama ile namba nyekundu, na mtu aliyemfahamu angejua anafikiria kuku wa madoadoa, na jambo alilolisema mlangoni kwa jirani yake.

"Sitaki mashine nyingine," Yusta akasema. "Sitaki kutengenezewa. Nataka fedha za kikundi zote, na anilipe mayai ya watu. Nauli yetu pia. Na hizo nyingine zilizo juu pale asimuuzie mama mwingine, maana mama huyo naye ataitwa jina."

"Mayai ya kienyeji nitajuaje bei yake?" Majaliwa akajaribu.

Josephina akafungua fundo la kanga. Hakufungua yote, ncha tu ya beseni. Watu wa mlangoni walirudi nyuma kwa pamoja, na mteja mmoja akaacha bidhaa zake juu ya meza akatoka. "Yahesabu," akasema. "Moja moja. Sisi hatuna haraka, basi letu ni la jioni."

Majaliwa alilipa.

Asmahani akaandika kwamba mashine zilizobaki zisiuzwe hadi zikaguliwe, na suala la risiti akalitengea karatasi yake. Akamwomba mwenye duka akishushe kile kibao. Kilipotoka, ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe kuliko kwingine kote, ishara kwamba kilikaa hapo miaka mingi kikitisha watu.

Majaliwa alizikabidhi fedha kwa mikono miwili. Mazoea ni mazoea. Kisha akabaki ameinama kidogo, akingoja, na duka zima likangoja naye, kwa sababu hata walioudhika walijua kinachofuata.

Yusta alizipokea kwa mkono mmoja. Akazihesabu zote mbele yake, taratibu, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Hata makofi, mama?" Majaliwa akauliza, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu, si ya mwenye duka.

"Yale ya mwanzo niliyokupa," Yusta akasema, "yale ndiyo unirudishie."

Akatoka nje.

Walipofika stendi, Josephina alilitua beseni chini ya ukuta wa choo, mahali ambapo halingemkera mtu zaidi ya alivyokwishakereka. Kisha akasimama mbele ya Yusta. Stendi ilikuwa imejaa, mawakala wanaita, na katika benchi la wanaokwenda Kibondo walikaa akina mama wawili wa Murungu, wale wale wa kisimani, wametoka kumwona mgonjwa hospitali ya Kabanga.

"Nilikuuliza kama uliyauza," Josephina akasema. "Nilikuuliza mlangoni kwako, na mumeo anasikia."

"Uliuliza."

Josephina akakunja magoti, akainama chini kabisa kama mtu anayemwamkia mama mkwe, akaanza kupiga makofi. "Mwidiwe," akamwamkia kwa Kiha, na akaendelea, taratibu, bila kuacha, hadi mawakala wakageuka kutazama. Wale wa kwenye benchi waliangaliana. Mmoja akasimama. Halafu wa pili naye akasimama, nao wakainama, mikono mbele.

Yusta alisimama pale, mikono ameirudisha kwapani, akiwatazama. Angeweza kuwaacha waendelee hadi basi lije. Alitamani hasa, na alikuwa na haki hiyo. Akaitoa mikono kwapani, ile mikono iliyokuwa bado inanuka viza, akaitazama mara moja ya mwisho.

Kisha akainama, akaitikia.